Mtoto wa miezi mitatu, nimuachie nani?

Jambo Tantini,

Naandika usiku. Watoto wamelala, umeme umekatika tangu saa moja na simu inakaribia kuzima, kwa hiyo nisamehe nikiruka mambo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Mkubwa ana miaka minne, mdogo ana miezi mitatu. Nafanya kazi katika duka la dawa mjini, upande wa kupokea pesa. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni. Bwana yangu yuko mgodini Kolwezi, tunamwona mwisho wa mwezi. Likizo yangu ya uzazi imekwisha, niliiunganisha na likizo ya mwaka, na hiyo nayo inaisha. Nimebakiwa na siku kumi na mbili tu, na mpaka leo sijui mtoto nitamuachia nani.

Kuna kreshi moja, nyumba ya kulelea watoto, karibu na kazini. Nilikwenda kuiona. Ni safi, ukutani wamechora wanyama, watoto wanaimba kwa Kifaransa. Kwa mtoto mchanga wanataka dola 90 kwa mwezi, na wanafunga saa tisa na nusu. Mshahara wangu ni dola 260. Nilimpigia bwana yangu nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuhesabu: toa 90, toa nauli, toa nepi, toa chakula cha mchana unachonunua mjini. "Unaenda kazini kuwatumikia watu wa kreshi," akaniambia. "Afazali ubaki tu nyumbani." Hakusema kwa ubaya, Tantini, ni mtu mwema. Lakini alipokata simu nilibaki na ile hesabu kichwani, nikaona kama ana haki.

Mama-mkwe ndiye amekasirika kabisa. Aliposikia neno kreshi alipiga makofi: "Mutoto mudogo hivi unamuachia mutu hauyue? Miye nililea batoto munane, sikulipaka mutu hata siku moja!" Yeye mwenyewe miguu inamvimba, hawezi kubeba mtoto siku nzima. Ana dawa yake: binti wa wifi yangu, yuko Kasenga, ana miaka 13, anasoma darasa la sita. Mpole, anajua kubeba mtoto. Tumlete kwa basi, tumlishe, tumvalishe, hakuna cha kulipa, ni mtoto wa nyumbani. Wifi amekwisha kukubali. Wanangojea tu nitume nauli.

Halafu kuna mama mmoja mjane, lupango (kiwanja) ya tatu kutoka kwetu. Analea watoto wa watu, sasa ana wanne. Anaomba dola 40. Lakini hana kibao mlangoni wala karatasi yoyote, ni yeye na mkeka wake. Wenzangu wa kanisani wananiambia, huwezi kujua anawapa nini hao watoto mpaka wananyamaza hivyo.

Sasa nikwambie kinachonizuia kweli. Mkubwa wangu alipokuwa na miezi kumi nilikuwa na msichana wa kazi. Siku moja kichwa kiliniuma, mkubwa wa kazi akaniruhusu, nikarudi saa nane mchana. Nilikuta kufuli mlangoni, kwa nje. Nikamsikia mtoto ndani. Hakuwa analia kwa nguvu. Ilikuwa ile sauti ya mtoto aliyelia mpaka amechoka. Nilichungulia dirishani. Amekaa chini kando ya mbabula, jiko letu la makala (makaa), moto umezimika lakini bati bado la moto, ameshika kaa analilamba, uso mzima mweusi, na machozi yamechora mistari miwili mpaka kidevuni. Nilivunja kufuli kwa jiwe. Msichana alifika baada ya muda, bidoni moja kichwani, nyingine mkononi, anasema foleni ya maji ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimemwambia asubuhi kwamba nataka mapipa yajae kabla sijarudi. Nilimfukuza jioni ileile.

Leo anauza nyanya soko la Katuba. Nikipita ananisalimia, "Mama, mutoto anaendelea?" Mimi napita kama sijasikia.

Baada ya lile jambo mama yangu mzazi alikuja kuishi nasi akamlea mtoto. Alifariki mwaka jana. Sasa sina mtu. Niache kazi? Nimlete binti? Au nimtoe mtoto wangu kwa mtu wa kulipwa tena, na moyo wangu unakataa?

Mama wa wawili, Katuba, Lubumbashi

*

Mdogo wangu,

Pole kwa mama yako. Katika barua nzima umemtaja kwa mistari miwili, mwishoni, kabla simu haijazima, na nadhani nusu ya uzito unaoubeba uko pale. Ulikuwa na mtu uliyemwamini bila kufikiri, na huyo mtu hayupo. Yeyote utakayemtafuta sasa utampima kwa mama yako, na hakuna atakayefika.

Siku kumi na mbili si nyingi, kwa hiyo nikupe jibu kwanza, tuzungumze baadaye. Usiache kazi. Usitume nauli Kasenga. Nenda kesho kwa yule mama mjane, ukae kwenye mkeka wake.

Tuanze na hesabu ya bwana yako, maana ndiyo inayokuvunja moyo. Dola 260 toa 90, toa hiki, toa kile. Hesabu yenyewe ni sahihi. Lakini angalia amezitoa wapi: zote kwenye mshahara wako. Kodi ya nyumba haitolewi kwenye mshahara wako peke yako, wala unga. Pesa ya kumlea mtoto tu ndiyo imeandikiwa jina lako, kana kwamba mtoto ulimleta na nguo zako siku ya ndoa. Mpigie tena umwombe ahesabu upya, aweke mishahara yote miwili juu ya meza, halafu atoe malezi kama anavyotoa kodi ya nyumba. Akifanya hivyo ataona kitu kingine kabisa. Ni mtu mwema, umesema mwenyewe, atasikia.

Halafu ahesabu miaka, asiishie kwenye mwezi mmoja. Mtoto mchanga ndiye ghali kuliko wote, kwa sababu anataka mikono ya mtu saa zote. Akifika miaka mitatu anaweza kuingia shule ya maternele, yaani chekechea. Akifika sita anaingia primeri (shule ya msingi), na tangu Septemba 2019 primeri za serikali hapa Kongo ni bure, ingawa mimi na wewe tunajua kuna daftari, viatu, na mengine yanayoombwa mlangoni. Mzigo huu mkubwa ni wa miaka miwili, mitatu. Kazi ukiiacha, je, utaikuta baada ya miaka mitatu? Kiti chako kitakuwa na mtu. Na kama mwajiri wako anakulipia CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, inavyotakiwa, kila mwezi unaofanya kazi unahesabiwa kwa pensheni yako. Miezi ya kukaa nyumbani haihesabiwi. Sisi wa Lubumbashi tena ndio tunaojua kuliko watu wote nini kinatokea nyumba nzima inapoegemea mshahara mmoja wa mgodini.

Hapo ndipo nafika kwa mama-mkwe wako. Usimjibu kwa ukali, kwa sababu anasema kweli ya wakati wake. Union Minière, kampuni ya madini, na baada ya mwaka 1967 kampuni ya serikali iliyoirithi, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, ilimchukua mwanaume kazini pamoja na nyumba yake yote. Unga, samaki, mafuta vilitolewa kwa posho, kwa hesabu ya mke na watoto. Hospitali ilikuwa ya kampuni, shule za kampuni, masista walipima watoto wachanga kwenye mizani, wanawake walifundishwa kushona na kupika. Watu walisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Mpango wote ule ulijengwa juu ya mke anayekaa nyumbani. Kwa hiyo ni kweli hakulipa mtu. Kampuni ndiyo iliyolipa, ndani ya ile posho.

Kisha mambo yakaanguka. Miaka ya 1990 mishahara ilichelewa miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wanawake ndio walioshika mji: unga kwa kopo, makala kwa mafungu, mikate, vitenge kutoka mpakani Kasumbalesa. Na mwanamke anapotoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupanga foleni ya unga, mtoto wa mgongoni alibaki na nani?

Nitakwambia alibaki na nani, kwa sababu huyo mtoto ni mimi.

Nilikuwa sijafika hata mwaka mmoja mishahara ya baba ilipoanza kuchelewa. Mama alianza kuuza unga soko la Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi. Dada yangu mkubwa alikuwa darasa la tano. Nasikia alikuwa anajua kuhesabu kuliko wavulana. Mama alimwambia akae nyumbani muhula mmoja tu, mpaka mimi nianze kutembea. Nilianza kutembea, akazaliwa mdogo wangu. Huko Dar es Salaam na Nairobi, "yaya" ni mtu unayemlipa akulelee mtoto. Kwetu yaya ni dada yako mkubwa au kaka yako. Ni neno moja, na kwangu mimi maana zote mbili zilikuwa ndani ya mtu mmoja, ila mshahara haukuwapo. Mpaka leo yaya ananitumia sauti kwenye simu, kwa sababu kuandika kunamchosha. Nikimjibu kwa maandishi anampa mwanawe amsomee. Nimesoma mpaka chuo. Nakuandikia safu hii. Kila neno ninaloliandika najua lilitoka kwenye mgongo wa nani.

Ndiyo sababu nimekwambia usitume nauli Kasenga. Mama-mkwe anasema huyo binti atakuja bure. Atakayelipa ni binti mwenyewe. Ana miaka 13, yuko darasa la sita, mwaka wa mtihani wa kumaliza primeri. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajafika miaka 18, na Katiba inasema primeri ni lazima. Lakini hata bila sheria, wazia tu: tangu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, mtoto wa miaka 13 na mtoto wa miezi mitatu, peke yao ndani ya lupango. Mchanga akipandwa na homa saa nne, atafanya nini? Atamwita nani?

Kuhusu namna ya kukataa: usikatae wewe. Ukikataa wewe utaitwa bibi mwenye kiburi anayewachukia ndugu za bwana. Wifi ni dada yake, mama ni mama yake, aseme bwana yako, na aseme kwa heshima: tunamshukuru dada, binti amalize shule kwanza, likizo kubwa aje kututembelea. Kama baadaye wataona aje kuishi kwenu asome mjini, ni vizuri, aje kama mtoto wako wa tatu, na asubuhi avae sare ya shule.

Sasa lile jambo la kufuli.

Nilisoma ule ukurasa mara tatu. Mtoto wako na lile kaa, ile mistari miwili ya machozi. Ningekuwa mimi ningevunja mlango na siyo kufuli tu. Msichana alikosea. Mtoto wa miezi kumi hafungiwi ndani peke yake na mbabula ya moto. Hilo halina mjadala.

Lakini wewe mwenyewe umeandika sentensi ambayo nataka uisome tena polepole: ulikuwa umemwambia unataka mapipa yajae kabla hujarudi. Sasa jiweke kwenye miguu yake. Bomba la nyumbani limekauka, foleni iko mbali, mtoto ana kilo nane au tisa na bidoni ni lita ishirini. Akimbeba mtoto mgongoni, bidoni moja ataiacha. Akimwacha mtoto, mapipa yatajaa. Akikosa maji utamgombeza jioni. Hukumwajiri kulea tu, ulimwajiri kulea, kuchota, kufua, kupika bukari na sombe, kupiga deki, na hizo kazi zote zilikuwa na kipimo unachokiona ukirudi: pipa limejaa, nguo zimekauka, sufuria zimeng'aa. Kulea hakuna kipimo. Mtoto aliyebebwa siku nzima na mtoto aliyelala peke yake siku nzima, jioni wote wawili unawakuta kwenye mkeka. Kwa hiyo akapunguza pale ambapo hakuna mtu angeona.

Sikulaumu kwa hili. Karibu kila nyumba ya mji huu inafanya hivyo, hata yangu ilifanya. Nakwambia kwa sababu umetoka na somo lisilo lake. Umeshika kwamba mtu wa kulipwa haaminiki. Nionavyo mimi, kilichokosewa siku ile ni kumpa mtu mmoja kazi za watu watatu, kisha kumlipa nusu ya mmoja. Na ndiyo sababu huyo mama mjane ananipa matumaini kuliko kreshi ya dola 90: yeye halazimiki kuchota maji yako. Kazi yake ni watoto tu.

Haimaanishi umpe mtoto ukiwa umefumba macho. Kesho nenda na mwanao, ukae asubuhi nzima. Usiulize mengi. Angalia anavyomnyanyua mtoto anayelia: anamnyanyua kwanza, au anamkemea kwanza? Angalia mikono yake baada ya nepi, kuna sabuni karibu au anapangusa kwenye kitenge? Lupango ya Katuba ina mambo mawili ninayoyaogopa, kisima na mbabula. Kisima kiwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuusogeza. Mbabula iwe nje, na isiingizwe kamwe chumba wanacholala watoto, hata Juni kukiwa baridi, maana hewa ya makala haina harufu na inaua mtu usingizini. Wachanga walazwe chali, bila mto na bila blanketi zito usoni. Muulize katika hao wanne wangapi hawajatimiza mwaka. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtu mmoja asishike wachanga zaidi ya watatu, na ukimwazia mtu mwenye mikono miwili tu utaona hawajabana sana. Kama tayari ana wachanga watatu, wako atakuwa wa nne, basi mtafute mwingine au mkubaliane awe na msaidizi mtu mzima.

Kisha rudi siku nyingine bila kumwambia. Nenda kama saa tano, saa ambayo watoto wana njaa na mlezi amechoka. Hapo ndipo utamjua.

Wenzako wa kanisani wameogopa kwamba anawapa watoto kitu wanyamaze. Hofu hiyo usiidharau, ila wewe kati ya mama wote wa Katuba ndiye usiyehitaji kusikia uvumi, maana unafanya kazi duka la dawa. Unajua shirupu zipi zinaleta usingizi. Unajua prometazini haitakiwi kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, na unajua watu wanainunua kwa kijiko kama sukari. Ukienda kumchukua mwanao jioni, umkute amelala kila siku, akiamka analegea, hataki titi ambalo hajaliona tangu asubuhi, usingoje wiki iishe. Lakini ukimkuta amechafuka, amechoka, ana njaa na anakurukia, furahi, hiyo ndiyo sura ya mtoto aliyeshinda vizuri.

Muombe pia akuonyeshe kadi za chanjo za hao watoto wengine, au uwaulize mama zao mlangoni. Wako anatakiwa awe na chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hiyo ya mwisho inakuangukia karibu na siku utakayorudi kazini, usiikose. Ya surua atapewa akifika miezi tisa, na mpaka hapo kinga yake kubwa ni kwamba watoto anaokaa nao wamechanjwa.

(Na cheti cha kuzaliwa? Siku 90 za kuandikisha bure katika komini zinaisha hivi hivi. Kama hujafanya, funga simu uende.)

Titi usiliache. Mpaka miezi sita maziwa yako yanamtosha, hata maji hahitaji. Kamua alfajiri kabla hujatoka, weka ndani ya chombo safi chenye mfuniko, na mwambie yule mama ampe kwa kikombe kidogo. Kikombe kinasafishika, biberoni (chupa ya kunyonyea) inaficha uchafu kwenye chuchu. Nje ya friji yasikae zaidi ya muda wa saa nne, na Oktoba joto likipanda hata hizo ni nyingi, kwa hiyo hesabia maziwa ya asubuhi, na ya mchana yahifadhiwe mahali pa baridi kama kuna jirani mwenye friji inayofanya kazi. Mjini kamua wakati wa mapumziko, hata kama ni ya kumwaga, ili yasikauke.

Na hapa kuna kitu ambacho huenda hujakiomba. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Kutoka mjini mpaka Katuba na kurudi, nusu saa haikutoshi hata ukipanda pikipiki ya manseba anayekimbia kama mwizi. Lakini nusu mbili ni saa nzima. Mwandikie mkubwa wako barua fupi, kwa adabu, umwombe uziunganishe utoke saa kumi badala ya saa kumi na moja. Huyu ni mtu aliyekuruhusu urudi nyumbani kwa sababu ya kichwa, kwa hiyo ana masikio. Akikubali, mtoto anapata saa moja ya mama yake kila jioni, na mama mjane anapumzika mapema.

Dola zake 40 usizipunguze. Najua tulivyo, tukiambiwa 40 tunasema 25. Huyu atakaa na mtoto wako kutwa nzima, kila siku ya kazi. Mpe siku moja ya mwezi ambayo ni ya malipo, isibadilike, hata kama mshahara wako umechelewa. Peleka sabuni yako na nepi zako. Andikeni karatasi moja, hata kwa mkono: saa ngapi mtoto anafika, saa ngapi anatoka, nani peke yake anayeruhusiwa kumchukua, siku mtoto akiwa na homa nani anapigiwa simu kwanza. Karatasi hii haimdharau. Inamwambia kwamba anachofanya ni kazi.

Ile kreshi ya mjini si mbaya, nakuachia uifikirie mtoto akifika mwaka na nusu na mishahara ikiruhusu. Mkubwa wako naye, mwaka ujao wa shule mtafutie maternele hapo hapo Katuba, asikae tu kwenye mkeka wa mtu. Kwa sasa muulize mama mjane kama atampokea asubuhi kwa nyongeza kidogo.

Moyo utakataa siku ya kwanza. Utakata kona, utarudi kuchungulia, utafika kazini macho mekundu. Wiki ya kwanza nenda na mtoto saa moja asubuhi, umnyonyeshe palepale kwenye mkeka kabla ya kuondoka, ili harufu yako ibaki mahali pale. Muachie na kitenge ulicholalia usiku. Yaya wangu alifanya hivyo na kitenge cha mama, nimeambiwa, na ndivyo nilivyonyamaza.

Limebaki moja, nami nimeliweka mwisho kwa sababu liko nje ya maswali yako. Umeandika kwamba ulimfukuza yule msichana jioni ileile. Hukuandika kama ulimlipa. Alikuwa amefanya kazi siku ngapi za mwezi huo? Wewe unajua. Ukipita soko la Katuba atakusalimia tena, maana ndivyo alivyo. Safari hii simama. Mwambie mtoto anaendelea, ana miaka minne, anaongea sana. Nunua nyanya zake, na umpe zile siku zake, pembeni, bila watu kuona.

Tantini